Kaakaa likishashonwa, ulimi nao utazamwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niongeze jambo moja juu ya makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu watoto wanaozaliwa na ufa wa kaakaa. Makala ilikuwa nzuri na yenye huruma, na nilifurahi kuona kwamba mwandishi hakulitumia jina la "mdomo wa sungura", ambalo wazazi ninaokutana nao hulichukulia kuwa ni tusi kwa watoto wao. Lakini sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba tundu likishazibwa, mtoto "ataongea kama wenzake". Nimefanya kazi ya tiba ya usemi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa na watoto ambao tundu lao lilizibwa vizuri kabisa, kiasi kwamba daktari aliyewapasua ana haki ya kujivunia kazi yake, lakini bado mwalimu hawaelewi wanaposoma kwa sauti darasani. Sentensi ile inawaumiza wazazi wa watoto hao, kwa kuwa inawaacha wakidhani ama upasuaji uliharibika, ama mtoto wao ni mvivu wa kujifunza.

Kaakaa huungana mtoto akiwa bado tumboni, kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Pande mbili zisipokutana, mtoto huzaliwa akiwa na uwazi kati ya kinywa na chemba ya pua. Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 700 huzaliwa na ufa wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili, na upasuaji wa kaakaa kwa kawaida hufanywa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18. Sasa mtoto huyo hakusubiri upasuaji ndipo aanze kujaribu sauti. Ili kutamka p, t, k au s, ni lazima hewa ibanwe kinywani kisha iachiliwe, na kwa mtoto mwenye uwazi hewa hiyo hukimbilia puani kabla haijabanwa. Basi yeye hutafuta mahali pengine pa kuibana: nyuma zaidi kinywani, kwenye koromeo, au chini kabisa kwenye glota, yaani mwanya ulio kati ya nyuzi za sauti. Hilo ni jambo la akili, na mimi huwaambia wazazi hivyo, kwamba mtoto wao alipata njia pale ambapo hapakuwa na njia. Shida ni kwamba mazoea ya ulimi hayashonwi pamoja na kaakaa. Uwazi unazibwa kwa saa chache, lakini ulimi unaendelea kwenda mahali ulipozoea kwenda.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kupasua mapema. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha watoto 558 wenye ufa wa kaakaa pekee, ambamo kundi moja lilifanyiwa upasuaji likiwa na miezi 6 na jingine likiwa na miezi 12. Walipotimiza miaka 5, kasoro ya kaakaa laini (sehemu ya nyuma ya kaakaa, isiyo na mfupa) kutoziba njia ya puani ilionekana kwa asilimia 8.9 ya waliopasuliwa mapema, na asilimia 15.0 ya waliopasuliwa baadaye. Tofauti hiyo ni kubwa na inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, naomba msomaji aitazame vizuri takwimu hiyo, kwa kuwa inapima kazi ya kaakaa laini. Haituelezi ulimi unagusa wapi.

Na hapo ndipo watu wengi, wakiwamo baadhi ya wataalamu, huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kaakaa laini kushindwa kuinuka na kuifunga njia ya puani. Mtoto wa namna hiyo huongea kwa sauti ya puani, hewa humtoka puani katika vipasuo vyote (sauti kama p, t na k) na vikwamizo vyote (kama s na f), na mara nyingi anahitaji kurudi kwa daktari wa upasuaji. La pili ni ulimi kugusa mahali pasipo pake ingawa kaakaa laini linafanya kazi yake sawasawa. Huyu hahitaji kisu, anahitaji mafunzo. Kwa sikio peke yake, wawili hawa wanaweza kufanana sana. Nimewahi kuona mtoto aliyekuwa akitoa hewa puani katika s peke yake, huku p na b zake zikiwa safi. Kaakaa lisiloziba halichagui konsonanti moja na kuziacha nyingine za aina yake. Mtoto yule alikuwa amejifunza s isiyo sahihi, na familia yake ilikuwa tayari imeanza kuzungumzia upasuaji wa pili.

Naomba nieleze pia kisa cha mtoto mwingine, bila kumtaja jina, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niiandike barua hii. Alikuwa na umri wa miaka 7. Kaakaa lake lilifungwa kabla hajatimiza mwaka, na uchunguzi ulionyesha kwamba kaakaa laini linainuka na kuziba inavyopasa. Aliposema "tatu", mimi, mama yake na mwalimu wake sote tulisikia "kaku". Niliandika katika faili lake kwamba anabadilisha t kuwa k, na nikamfundisha kama nilivyowafundisha wengine: pandisha ncha ya ulimi, igusishe nyuma ya meno ya juu. Tulifanya hivyo mbele ya kioo kwa miezi kadhaa, na nyumbani mama yake akarudia naye kila jioni. Mtoto alitii, akachoka, mwisho akawa anakataa kuja. Baadaye alitengenezewa kaakaa bandia la kurekodia mgusano, na tulipolitazama neno lile lile kwenye skrini, ncha ya ulimi wake ilikuwa juu, mahali pale pale nilipokuwa nikimsihi aiweke. Alipotaka kutamka t, ulimi uligusa ufizi kwa mbele na papo hapo ukagusa kaakaa kwa nyuma. Kisha mbele pakaachia kwanza, nyuma pakachelewa, na mpasuko wa nyuma ndio uliotoka na hewa. Sikio likasikia k. Alipotamka k yenyewe, kama katika "kaka", mbele hapakuguswa hata kidogo. Kumbe katika ulimi wake t na k zilikuwa sauti mbili tofauti, na alizitofautisha kila alipofungua kinywa. Sisi ndio tulioshindwa kuisikia tofauti hiyo. Mama yake alivitazama vidoto vilivyoonyesha mgusano kwenye skrini kwa muda, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo, daktari, alikuwa anafanya tulivyomwambia?" Nikamjibu kwamba ndiyo, nikachukua faili na kuyakata kwa kalamu yale maneno niliyoyaandika. Kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa kinyume cha ile tuliyokuwa tukiifanya: ulimi wa nyuma ulitakiwa kushushwa, na mbele paachwe kama palivyo.

Uchunguzi huo huitwa elektropalatografia. Daktari wa meno huchukua chapa ya kaakaa na ya meno ya juu, huimimina kwa plasta, na juu ya umbo hilo hutengenezwa bamba jembamba la akriliki linaloshikiliwa na viwaya kwenye meno, kwa kiasi fulani kama vile bamba la kunyooshea meno. Katika aina iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, bamba lina elektrodi, yaani vipande vidogo vya chuma vya kuhisi mguso, 62 katika safu 8: safu ya mbele kabisa, nyuma tu ya meno, ina elektrodi 6, na kila moja kati ya safu 7 zinazofuata ina 8. Zile za mbele zimekaribiana zaidi, kwa kuwa kwenye ufizi ndiko ulimi unakofanya kazi ya umakini mkubwa. Umeme mdogo sana, ambao mtu hausikii, hupita mwilini, na kila ulimi unapogusa elektrodi, doti yake huwaka kwenye skrini ya kompyuta. Mgusano hurekodiwa mara 100 kwa sekunde, na ndiyo maana inawezekana kujua ni wapi palipoachia kwanza, jambo ambalo hakuna sikio la binadamu linaloweza kulihesabu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Katika miaka ya 1870, daktari wa meno wa London aitwaye Oakley Coles, ambaye alishughulika sana na watu wenye ufa wa kaakaa, alipaka mchanganyiko wa gundi na unga kwenye kaakaa, akatamka sauti moja, kisha akachora mahali ambapo ulimi ulikuwa umeufuta mchanganyiko huo. Nalitaja hilo kwa sababu wengine hudhani kuutazama ulimi ni anasa ya wenye kompyuta.

Msemaji asiye na tatizo anapotamka t, vidoto huwaka kwa umbo la upinde: mbele kwenye ufizi pote, na pembeni mwa ulimi pande zote mbili hadi nyuma, katikati pakibaki wazi. Kwa s, upinde ni ule ule, ila mbele huachwa mfereji mwembamba wa kupitishia hewa. Kwa k, huwaka nyuma. Kwa watoto waliofungwa kaakaa, picha huwa nyingine, na mwaka 2004 mtafiti Fiona Gibbon alizipitia tafiti zilizokuwapo na kuainisha mifumo 8 ya mgusano usio wa kawaida. Sitaitaja yote. Ule wa mguso wa mbele na nyuma kwa pamoja nimekwisha kuueleza. Unaokutana na wazazi mara nyingi bila wao kuujua ni ule ambao katikati ya ulimi ndiyo inayofanya kazi ya ncha: mtoto hubandika mgongo wa ulimi kwenye kaakaa gumu, na t yake na k yake hukutana mahali pamoja, pakatoka sauti ambayo msikilizaji mmoja huiandika kama t na mwingine kama k. Wasikilizaji hao wawili wanaweza kubishana siku nzima, na kila mmoja akawa na haki, kwa kuwa sauti yenyewe haimo katika alfabeti waliyo nayo.

Upo pia mfumo wa kuziba kabisa, na huu ndio unaoeleza yule mtoto wa s ya puani. Mahali ambapo wengine huacha mfereji, yeye huziba kinywa chote kwa ulimi, na hewa, ikiwa haina pa kupita, huelekea puani. Ukiona picha hiyo, unaelewa kwamba pua haina kosa. Mlango wa mbele umefungwa na ulimi wenyewe. Kwa upande wa pili, yupo mtoto ambaye skrini yake haiwaki kabisa anapotamka t, kwa kuwa sauti anaifanyia kwenye glota na ulimi umelala. Mambo haya mawili yanahitaji tiba zisizofanana hata kidogo. Na yupo yule ambaye mgusano wake hubadilika kila anapolirudia neno lile lile, leo hivi, kesho vile. Kwa huyo, neno moja lililotamkwa vizuri siku ya uchunguzi halithibitishi chochote, na ndiyo sababu huwa namwomba mtoto alirudie kila neno mara kadhaa kabla sijaandika lolote.

Sipendi kuuza kifaa kama muujiza, na wasomaji wako wanastahili kuambiwa upungufu wake. Bamba huonyesha mahali palipoguswa kwenye kaakaa, lakini halisemi ni sehemu gani ya ulimi iliyogusa, wala halionyeshi ulimi ulivyokaa pale ambapo haugusi. Huishia mwisho wa kaakaa gumu, kwa hiyo k ya neno "kuku", ambayo hugusa nyuma sana, inaweza kuonekana haikuziba hata kwa mtu asiye na tatizo lolote, wakati k ya "kiti" inaonekana vizuri zaidi. Asiyelijua hilo atamwandikia mtoto kasoro asiyokuwa nayo. Halipimi kazi ya kaakaa laini. Likifunika tundu dogo lililobaki baada ya upasuaji, linaweza lenyewe kubadilisha njia ya hewa, na daktari akadhani anasikiliza usemi wa kila siku wa mtoto kumbe anasikiliza usemi wa mtoto aliyezibwa tundu. Mtoto anahitaji muda wa kulizoea kinywani kabla ya kurekodiwa. Anahitaji meno ya kulishikilia, na ufizi uliokwisha kupona. Tena anakua: meno ya utotoni yanang'oka, taya linapanuka, na bamba la mwaka huu huenda lisikae mwaka kesho. Kila bamba ni la mtu mmoja, na hilo ndilo linaloufanya uchunguzi huu uwe wa gharama.

Kuhusu kutumia kifaa hicho kama njia ya tiba, yaani mtoto kujifunza kwa kuutazama ulimi wake kwenye skrini, ushahidi bado ni mwembamba. Mapitio ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalipata jaribio moja tu la nasibu, yaani ambalo washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu, kwa watu wenye ufa wa kaakaa, tena lenye washiriki 6. Kwa hiyo sidai kwamba kila mtoto afundishwe kwa skrini. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu kukikataa: kabla ya kumfundisha mtoto kuuhamisha ulimi wake, tujue uko wapi.

Nataraji kuulizwa juu ya mahali pasipo na kifaa, na ndipo watoto wengi walipo. Sikio lililofundishwa bado lina kazi kubwa, mradi litumike kwa utaratibu. Usemi urekodiwe, si kusikilizwa mara moja na kuandikwa kwa kumbukumbu. Wataalamu wawili wausikilize kila mmoja peke yake, na pale wanapotofautiana, tofauti hiyo isifutwe kwa kura. Iandikwe, kwa kuwa mara nyingi ndiyo dalili ya ulimi unaofanya jambo lisilo la kawaida. Kioo baridi chini ya pua, kikipata ukungu mtoto anaposema "papa" au "sasa", kitaonyesha hewa inayotoroka, na kioo hicho hicho kitatuonyesha kama inatoroka katika sauti zote au katika moja tu. Hata njia ya zamani ya kupaka bado inafaa: unga wa mkaa uliochanganywa na mafuta safi ya kula hupakwa kwenye ulimi, mtoto hutamka neno moja lenye mguso mmoja tu wa ulimi, kama "futa" au "paka", kisha alama iliyobaki kaakaani hutazamwa kwa kioo kidogo cha daktari wa meno. Neno liwe moja, kwa sababu la pili litaifuta alama ya la kwanza. Njia hii haihesabu muda, lakini mtoto wangu wa "kaku" angeonyesha alama mbili badala ya moja, na mimi ningepunguza miezi ya kumchosha. Ifanywe tu baada ya daktari wa upasuaji kuridhika kwamba kidonda kimepona. Kuna pia mashine ya altrasaundi, ambayo huwekwa chini ya kidevu na kuonyesha mgongo wa ulimi ukitembea bila kuhitaji bamba lolote. Haionyeshi mguso wenyewe, lakini pale ambapo mashine ipo tayari kwa kazi nyingine, sioni kwa nini isitumike.

Kwa wazazi, ningependa waondoke na maswali mawili ya kuuliza. Mtu akiwaambia kwamba mtoto anahitaji upasuaji mwingine kwa ajili ya usemi, waulize: je, hewa inatoka puani katika konsonanti zote au katika chache tu, na kaakaa laini limetazamwa likiwa linafanya kazi? Na mtu akiwaambia kwamba mtoto amefundishwa lakini hashiki, waulize ulimi wake umeonekana ukigusa wapi, na nani aliyeuona. Mwalimu wa shule naye anaweza kusaidia kwa kutomwambia mtoto arudie neno mbele ya darasa mpaka alipatie. Mtoto wa namna hii huenda kila mara analirudia kwa bidii ile ile na kwa ulimi ule ule, na kicheko cha wenzake hakimfundishi mahali pa kuuweka.

Gazeti lako limekuwa likiandika mara kwa mara juu ya upasuaji huu, na ninaomba liendelee. Ninaomba tu kwamba mwandishi anapomhoji daktari kuhusu idadi ya watoto waliopasuliwa, amuulize pia ni nani atakayewasikiliza watakapofika miaka 3, na tena watakapofika miaka 5, na kumbukumbu za usemi wao zitahifadhiwa wapi. Na kama kuna nafasi ya masahihisho katika toleo lijalo, ningeshukuru sentensi ile ya mwisho ya makala isomeke hivi: tundu likishazibwa, mtoto anaweza sasa kufundishwa mahali pa kuuweka ulimi wake.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa tiba ya usemi